Ekari ngapi, gunia ngapi: hesabu ya kupumzika mapema Lupiro

Msimu wa kuvuna unapokaribia, kaya nyingi za Lupiro huwa hazipo nyumbani. Zimehamia shamba, kwenye vibanda vya nyasi huko mbugani, kuulinda mpunga: mchana dhidi ya kwelea kwelea, usiku dhidi ya nguruwe pori. Kazi huanza kabla jua halijachomoza, kwa sababu ndege nao huanza saa hiyo hiyo. Mtoto hupewa debe la kugonga. Mzee huketi kwenye dungu akivuta kamba iliyotungwa makopo matupu, na kila akivuta, kundi la ndege huinuka upande huu wa jaruba na kutua upande wa pili. Mwenye miaka 62 anayevuta kamba hiyo kwa wiki kadhaa hayupo pale kwa mapenzi ya kilimo. Yupo kwa sababu hakuna aliyemwambia ni lini anaruhusiwa kuacha, wala itamgharimu kiasi gani.

Lupiro iko wilayani Ulanga, kilomita kama 26 kusini mwa Ifakara, ng'ambo ya Mto Kilombero. Ni njia panda: huku Mahenge, huku Malinyi. Tangu daraja la mita 384 lilipofunguliwa mwaka 2018 na kuondoa kusubiri kivuko, mpunga hutoka upesi zaidi na bidhaa za madukani huingia upesi zaidi. Hapa wanaishi bega kwa bega watu wa aina mbili. Kuna wenye mshahara: mwalimu, muuguzi, ofisa mtendaji, kijana anayekusanya mbu kwa ajili ya watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara. Na kuna wenye jembe, ambao ndio wengi. Wote wana swali moja. Wa kwanza huuliza atastaafu lini, wa pili huuliza atainama hadi lini.

Jibu linalosambaa kwenye simu lilitoka California. Mwaka 1994 William Bengen, mtu aliyesomea uhandisi wa vyombo vya anga kisha akageukia ushauri wa fedha, alipitia rekodi za hisa na hatifungani za Marekani kuanzia mwaka 1926. Alitaka kujua mstaafu anaweza kuchota kiasi gani kila mwaka bila fungu lake kuisha ndani ya miaka 30. Akapata asilimia 4 kwa mwaka wa kwanza, kisha kiasi hicho kiongezwe kila mwaka kulingana na kupanda kwa bei. Ukiigeuza hesabu hiyo, unapata kanuni ambayo wengi wanaijua bila kumjua mwenyewe: kusanya mara 25 ya matumizi yako ya mwaka, kisha uache kazi.

Bengen alikuwa akihesabu kwa ajili ya Mmarekani mwenye hisa za New York. Hata hivyo kanuni yake ina funzo moja ambalo Lupiro inalihitaji kuliko hata California. Inaanza na matumizi ya mwaka, ndipo inafika kwenye fungu. Watanzania wengi huenda kinyume. Huanza na fungu, milioni 50 au milioni 100, tarakimu iliyotoka hewani au kwa jirani aliyelipwa kiinua mgongo, halafu ndipo huwaza itatumikaje.

Basi uchukuliwe mwaka. Tuseme kaya ya watu 6 ina nyumba yake, inakula mchele wa shamba lake, na kwa mengine yote, yaani mafuta, mboga, sabuni, umeme, nauli, nguo na dawa, inatumia shilingi 300,000 kwa mwezi. Hiyo ni 3,600,000 kwa mwaka. Kwa kanuni ya Bengen inahitaji milioni 90, na mwalimu wa shule ya msingi akiisikia namba hiyo hufunga daftari.

Asilifunge. Mtanzania anaweza kuikopesha Serikali yake kupitia hatifungani zinazouzwa na Benki Kuu, kuanzia shilingi milioni moja, na kulipwa riba mara mbili kwa mwaka kwa miaka 20 au 25. Tuseme riba ni asilimia 12 na bei za bidhaa zinapanda kwa asilimia 4. Milioni 45 zitaleta 5,400,000 kwa mwaka. Kaya ile ikila 3,600,000 na kurudisha 1,800,000 kwenye akiba, fungu linakua kwa asilimia 4, sawasawa na bei, na mwakani hesabu inaanza upya bila kupungua. Ni nusu ya namba ya Bengen. Asiye na milioni kwa mkupuo ana njia nyingine, mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS, iliyoanza na Mfuko wa Umoja mwaka 2005, ambako hununua vipande kidogo kidogo.

Lakini asilimia 12 na 4 si maandiko matakatifu. Aprili 2022 riba ya hatifungani mpya za miaka 25 ilishushwa kutoka asilimia 15.95 hadi 12.56. Aliyenunua kabla ya hapo aliendelea na yake. Aliyechelewa alipaswa kutafuta fungu kubwa zaidi kwa mapato yale yale. Na mwezi Desemba 2011 mfumuko wa bei nchini ulikaribia asilimia 20. Kwa mwaka kama huo, riba ya 12 inakuacha ukila mtaji huku ukidhani unakula faida. Anayepiga hesabu ya miaka 40 ya kupumzika lazima aweke mwaka wa 2011 humo ndani, tena zaidi ya mara moja.

Tatizo kubwa kuliko riba limo ndani ya zile 300,000 zenyewe. Kwenye karatasi ni matumizi ya kaya ya watu 6, lakini ni nani Lupiro ana watu 6 tu? Ikifunguliwa simu ya muuguzi mwenye miaka 45 kuna makundi manne ya michango: harusi ya binamu, msiba wa jirani wa zamani, ukarabati wa kanisa au msikiti, matibabu ya shangazi. Ada ya shule za serikali iliondolewa hadi kidato cha nne tangu mwaka 2016, na kidato cha tano na sita tangu 2022, lakini sare, daftari, nauli ya bweni na miaka ya chuo bado vinamtafuta mwenye kipato. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa umekuwa ukitoza kaya ya watu 6 shilingi 30,000 kwa mwaka, gharama ambayo ni nafuu sana. Ugonjwa mkubwa unapompeleka mgonjwa hospitali ya Mtakatifu Fransisko Ifakara au Muhimbili, bima hailipi nauli, wala chakula cha anayemuuguza, wala siku ambazo shamba limekaa bila palizi.

Michango hiyo si ubadhirifu, na washauri wa fedha wanaowaambia watu waikate hawajaishi kijijini. Ndiyo bima ya kweli ya mahali hapa: anayechangia leo ndiye atakayebebwa kesho. Kinachohitajika ni kuiandika. Daftari la kupumzika mapema liwe na mstari wa michango wenye tarakimu ya kweli ya miezi 12 iliyopita, isiwe ya kukadiria. Ukikuta wastani ni 80,000 kwa mwezi, fungu la milioni 45 linapanda hadi milioni 57. Ni heri kuijua tofauti hiyo ukiwa bado kazini.

Kwa mwenye mshahara, sehemu ya fungu hilo tayari iko mahali, na kwa miaka kadhaa nchi nzima imebishana juu yake. Mwaka 2018 mifuko ya pensheni ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF iliunganishwa kuwa PSSSF ya watumishi wa umma, na NSSF ikaachiwa sekta binafsi na waliojiajiri. Kanuni mpya za kukokotoa pensheni zikaweka malipo ya mkupuo kuwa asilimia 25 ya mafao. Watumishi wakalalamika, na Desemba 28, 2018 Rais John Magufuli akasimamisha kikokotoo hicho. Julai 2022 kikaja kingine cha asilimia 33. Katika bajeti ya Juni 2024, Waziri wa Fedha Mwigulu Nchemba akatangaza asilimia 40 kwa waliokuwa wakipata nusu zamani.

Mjadala huo ulijaa hasira na upungufu wa mifano. Huu hapa mmoja. Mwalimu ameajiriwa akiwa na miaka 24, anastaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, umri ambao sheria inamruhusu. Amechangia miezi 372. Wastani wa mshahara wake bora ni 900,000 kwa mwezi. Kwa kanuni ya zamani ya PSPF na LAPF, ya moja ya 540 ya mshahara wa mwaka kwa kila mwezi aliochangia, nusu kwa mkupuo na kizidisho cha 15.5 kwa nusu hiyo, angepokea milioni 57.66 mkononi na pensheni ya 310,000 kila mwezi. Kwa kanuni ya moja ya 580, asilimia 40 na kizidisho cha 12.5, anapata milioni 34.63 mkononi na 346,000 kila mwezi. Amepoteza milioni 23 za mara moja, ameongezewa 36,000 za kila mwezi. Ili nyongeza hiyo ifidie alichopoteza anahitaji kuishi karibu miaka 53 baada ya kustaafu, yaani akaribie miaka 108. Zile milioni 23, kama angezikopesha Serikali kwa asilimia 12, zingemletea 230,000 kwa mwezi.

Mifuko ya zamani ilikuwa imeelemewa, PSPF hasa, na mfuko uliofilisika haumlipi mstaafu yeyote. Hilo ni kweli. Lakini ni kweli pia kwamba mwalimu aliyelalamika hakuwa mjinga wa hesabu wala mroho wa fedha za mkupuo, kama baadhi ya wachambuzi walivyomsema. Alikuwa amepiga hesabu yake sawasawa. Hofu ya wakubwa, kwamba mkupuo huliwa, ina ushahidi wake: mwaka 2009 Serikali ilipoifunga DECI, mchezo wa kupanda mbegu na kuvuna iliyozaa, kulikuwa na watu walioingiza humo akiba ya maisha. Dawa ya hilo ni kumkutanisha mstaafu na mshauri mwaka mmoja kabla ya malipo, siyo kumpunguzia mkupuo.

Sasa mwalimu huyo huyo aseme anataka kuacha akiwa na miaka 45. Hapo ndipo hesabu inapokuwa ngumu, na hapo ndipo wengi hudanganyana. Amechangia miezi 252, imezidi 180 inayotakiwa, hivyo haki ya pensheni anayo. Lakini michango yake inabaki mfukoni ikisubiri umri wa miaka 55. Tuseme wastani wa mshahara wake wakati huo ni 700,000. Akifika 55 atastahili kama milioni 18 za mkupuo na 182,000 kwa mwezi. Katika miaka 10 ya kusubiri, bei zikipanda asilimia 4 kila mwaka, 182,000 hiyo itanunua vitu vya 123,000 za leo. Kwa hiyo anahitaji kivuko cha kumvusha miaka 10, ambacho hata fedha zake zikiwa zinazaa asilimia 12 hakipungui milioni 26, na ng'ambo anakuta pensheni isiyofika nusu ya matumizi yake. Anayetaka kuacha mapema kwa kutegemea pensheni ni bora aihesabu kama kitoweo, na ugali autafute mwenyewe: zile milioni 45 au 57 ziwepo zote kabla hajaandika barua.

Zinapatikana vipi kwa mshahara wa laki saba? Kwa mshahara peke yake hazipatikani mapema, na kumwambia mtu vinginevyo ni kumwonea. Zinapatikana pale mshahara unapokutana na mpunga. Mtumishi ambaye wengi Lupiro wanamfahamu kama mtu aliyejipanga ni yule anayetumia mshahara kulipa vibarua wa palizi mwezi Januari na Februari, wakati wenye jembe hawana fedha, kisha anahifadhi mavuno ghalani hadi bei ipande. Mkulima aliyelima ekari zile zile huuza mwezi wa Juni au Julai, wengine huuza mpunga ukiwa bado shambani, kwa sababu ada, deni la pembejeo na chumvi havisubiri. Tofauti kati ya wawili hao haiko kwenye bidii. Ni uwezo wa kungoja.

Kwa mkulima, kwa kweli, ni sahihi zaidi kuhesabu kwa gunia kuliko kwa shilingi. Kaya ya watu 6, kila mmoja akila mchele gramu 400 kwa siku, inahitaji kilo 876 kwa mwaka. Kilo 100 za mpunga zikikobolewa hutoa mchele kama kilo 65, kwa hiyo kaya hiyo inahitaji gunia 13 na nusu kwa kula tu. Kupumzika kwa mkulima maana yake ni gunia hizo kuingia ndani bila yeye kuinama. Akikodisha shamba kwa malipo ya, tuseme, gunia 2 kwa ekari, ekari 7 zinamlisha. Ekari nyingine zinahitajika kwa mafuta, dawa na michango. Mtu mwenye ekari 15 zenye hati au angalau mipaka inayotambulika kijijini yuko karibu zaidi na kupumzika kuliko anavyodhani. Mwenye 3 hawezi kupumzika kwa ardhi peke yake hata akiwa na mbegu bora kama Saro 5.

Na gunia lenyewe lipimwe. Mnunuzi huja na gunia lake, hulijaza hadi mdomo, kisha hulishonea kichwa cha ziada kwa kamba na kuendelea kujaza. Hiyo ndiyo lumbesa. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100, lakini anayeuza Julai akiwa na deni hana nguvu ya kubishana na mwenye lori. Mkulima aliyehesabu kwamba gunia 20 za kuuza zitamtosha, akauza kwa lumbesa, ametoa bure gunia kadhaa ambazo zilikuwa za uzee wake. Katika mambo yote yanayochelewesha kupumzika bondeni, hili ndilo linaloweza kukomeshwa kwa mzani mmoja na ofisa mmoja asiyeogopa.

Wengine wameweka uzee wao kwenye ng'ombe. Wafugaji wa Kisukuma walioingia bondeni na makundi yao wana akiba inayozaa bila benki. Lakini operesheni ya kuondoa mifugo katika Bonde la Kilombero mwaka 2012 iliwaonyesha wengi kwamba akiba inayohitaji majani ya ardhi isiyo yako inaweza kuondoka kwa siku chache. Wengine wamepanda misaji, wakiwa wameiona kampuni ya misaji iliyoanza bondeni mwaka 1992 ikivuna miti iliyokaa miaka zaidi ya 20. Msaji unafaa kwa mtu mwenye miaka 30 anayefikiria miaka yake 55. Haufai kama tegemeo la pekee, kwa sababu kati ya hapo hauliwi, na moto wa kiangazi hauulizi mti ni wa nani.

Visiwani Zanzibar, tangu Aprili 2016, kila mzee wa miaka 70 na kuendelea amepewa haki ya pensheni ya Serikali, awe alikuwa karani au mvuvi. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Ni kidogo, lakini imesema jambo ambalo Tanzania Bara bado haijalisema kwa mkulima wake: kwamba kuna siku kazi yake inahesabiwa kuwa imekwisha.

Bara inaweza kuanza na kilichopo. NSSF tayari inapokea wanachama wa hiari waliojiajiri, mkulima akiwemo. Kinachokosekana Lupiro ni mkusanyaji anayefika wakati fedha ipo. Mkulima hana mwisho wa mwezi. Ana mwezi wa Juni na Julai. Serikali inalijua hilo vizuri, kwa sababu ushuru wa mazao, uliopunguzwa mwaka 2017, haukusanywi Februari. Unakusanywa mpunga ukitoka, getini, kwa risiti ya mashine, na karani wa halmashauri hajawahi kushindwa kumpata mkulima anayetoa mzigo.

Basi mfuko wa hifadhi ya jamii ukae getini hapo hapo. Meza moja, mzani mmoja ulio sahihi, na kitabu cha wanachama. Kwa kila gunia linalopita, mwenye mpunga akitaka, kiasi kidogo kiingie kwa jina lake, na meseji ya kuthibitisha ifike kwenye simu yake kabla lori halijaondoka. Malori ya msimu huanza kushuka kutoka Malinyi na kuungana na ya Mahenge pale njia panda, yakielekea darajani. Yanapita mchana na usiku, yamebeba uzee wa watu wengi, na kwa sasa anayeyasimamisha ni mkusanya ushuru peke yake.